Mbona Unalia, na Hii ni Filamu Tu?



Mama mmoja wa Ikonge, kule Nyamira, ametuandikia barua ndefu. Yeye na mumewe wana miaka 14 katika Sakramenti ya Ndoa. Jumapili moja jioni, watoto wakiwa wamelala, waliketi kutazama filamu iitwayo Neria. Ilipofika pale ambapo vyombo vya mjane vinachukuliwa, mama huyu alianza kulia, na kilio kikamshinda kuzuia. Mumewe akamwuliza kwa ukali, "Mbona unalia, na hii ni filamu tu? Tena ya Zimbabwe!" Akazima televisheni, akatoka nje gizani. Tangu usiku huo wanazungumza habari za karo na maziwa, basi. Mama anauliza kama ni dhambi kulia kwa ajili ya filamu.

La, mama, si dhambi. Lakini tusiharakishe.

Kwa wasioijua, Neria ni filamu ya mwaka 1993, iliyoongozwa na Godwin Mawuru kutokana na hadithi ya mwandishi Tsitsi Dangarembga. Mume na mke wanajenga maisha yao kwa jasho la wote wawili. Mume, Patrick, anakufa katika ajali akiwa juu ya baiskeli. Ndugu yake, Phineas, anakuja kwa jina la mila na kuchukua gari, fanicha, kitabu cha benki, nyumba, na mwishowe hata watoto. Mjane anakwenda kwa wakili, na mahakama inampa haki yake. Wengi huukumbuka wimbo wa Oliver Mtukudzi, ambaye pia anaigiza humo kama kaka yake Neria. Mambo hayo ni ya Zimbabwe, lakini niambieni ni ukoo gani wa Gusii usioyajua.

Barua inasema kwamba mama huyu alifiwa na baba yake akiwa darasa la sita. Kabla udongo wa kaburi haujakauka, baba zake wadogo walifungua zizi na kuondoka na ng'ombe. Yeye alisimama mlangoni ameshika mkono wa mdogo wake. Jambo hilo hakuwahi kumwambia mumewe. Kisha, karibu na mwisho wa barua, katika sentensi moja tu, anataja kwamba shemeji yake alifariki miaka mitatu iliyopita, kwamba mjane amerudi kwao na watoto wawili, na kwamba "tangu hapo majani chai yake tunachuma sisi." Sijui kama mama mwenyewe aliuona uzito wa sentensi hiyo. Mimi niliisoma mara tatu.

Kwa hiyo usiku ule kulikuwa na kiti kimoja na filamu mbili. Mke aliona mlango wa nyumba ya baba yake. Mume, naogopa, aliona chai ya ndugu yake. Mmoja akalia, mwingine akakasirika, na kila mmoja akadhani mwenzake anamshtaki.

Someni Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 12. Mfalme Daudi alikuwa amemchukua mke wa Uria na kumwua Uria. Nabii Nathani hakuanza kwa kumkemea. Alimsimulia habari za tajiri aliyemnyang'anya maskini kondoo wake wa pekee, na Daudi akawaka hasira juu ya tajiri huyo. Ndipo Nathani akamwonyesha kwamba mtu huyo ni yeye. Hadithi hupita mahali ambapo kemeo limefungiwa mlango. Bwana wetu naye alifundisha hivyo. Mfano wa baba na wana wawili, anayeusikia leo kama mwana mdogo aliyepotea, kesho atajikuta ni yule mkubwa aliyekataa kuingia ndani.

Wapo Wakristo wanaosema filamu zote ni za shetani. Ziko zenye sumu, nakubali. Lakini Mama Kanisa, katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, alizihesabu sinema kati ya vipawa ambavyo binadamu amejaliwa kuvibuni, akionya zisitumiwe vibaya. Na mwaka 1995, sinema ilipotimiza miaka 100, Vatikano ilitoa orodha ya filamu 45 zenye thamani. Basi mwanandoa akiguswa na filamu, huenda kidonda kilichofichwa kimepata mahali pa kupumulia.

Hata hivyo, kina mama, nisikilizeni. Msiigeuze filamu kuwa fimbo. Kumgusa mumeo ubavuni na kusema "Umejiona?" hakuleti toba. Nathani alitumwa na Mungu. Wewe mara nyingi umetumwa na hasira. Tena, filamu haijui maisha yako yote. Ina Phineas mmoja, lakini nawajua wanaume katika Gusii waliouza ng'ombe wao kuwasomesha watoto wa ndugu marehemu kabla ya wao wenyewe. Mama wa Ikonge, mumeo si wale waliofungua zizi la baba yako. Usimlipishe deni lao.

Nanyi kina baba, mke akilia mbele ya televisheni, iacheni iendelee. Iishapo, mwulizeni, "Imekugusa wapi?" Kisha nyamazeni. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu, kwa maana sisi wanaume tukichomwa rohoni hukimbilia kusema, ama kutoka nje.

Sasa nirudi kwenye chai. Mungu alisema mapema, katika Kitabu cha Kutoka sura ya 22, kwamba husikia kilio cha mjane na yatima. Serikali nayo imesema. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1981, inampa mjane haki katika mali ya mumewe, na inahesabu kuwa kosa la jinai mtu kuishika mali ya marehemu bila idhini. Huenda huyu baba alianza kwa nia njema, majani yasiharibike shambani. Lakini miaka mitatu ni mingi, na bonasi imeingia nyumba gani?

Mama, usianze na chai. Mchagueni jioni tulivu, msali pamoja, halafu umsimulie habari ya zizi, na ya mkono wa mdogo wako, hadi mwisho. Hilo ni lako, na yeye hajawahi kulisikia. Mpe nafasi aseme lake. Akilisema, asibebe peke yake: nendeni wote wawili kwa padri, kisha nendeni kwa wazazi wa mjane pamoja na mzee mmoja wa ukoo mnayemwamini, mkamwulize shemeji yenu anataka shamba litunzwe vipi, na mumsindikize kwa chifu kuchukua barua ya kuanzia mambo ya urithi mahakamani. Na kuanzia mwezi huu, majani ya shamba lile yapimwe kwa namba yake yeye.