Usikanyage Hapo

Kibaraza cha nyumba ya mama kule Lushoto kilikuwa na ubao mmoja wenye sheria yake. Mgeni akipanda ngazi, kabla hata hajaitikia salamu, mama humwambia: "Usikanyage hapo, mwanangu. Pita kushoto." Tulikua tukiuruka ubao ule kama watu wanaoruka dimbwi.

Mwaka jana magoti ya mama yalishindwa na baridi ya milimani. Dada akamchukua Tanga mjini, tukakubaliana nyumba iuzwe. Dalali alizunguka mara moja tu, akasema kila kitu ni kizuri ila kibaraza kinaishusha bei. "Kipambeni kidogo," alisema, kama anayezungumzia bibi harusi. Tulichanga shilingi 150,000. Kwa miaka yote ambayo mama alikaa pale akimenya viazi, fedha hizo hazikuwahi kupatikana.

Tulinunua msasa namba 80 wa kuondoa vanishi ya zamani na namba 120 wa kulainisha, vanishi lita 4, thina, brashi mbili na gundi ya mbao. Iliyobaki ilikuwa ujira wa fundi wa siku mbili, mimi nikiwa msaidizi wake. Siku ya kwanza tulisugua kwa kufuata nyuzi za mbao, maana ukisugua kwa kuzikatiza, mikwaruzo huonekana mara vanishi inapokauka. Chini ya weusi wa miaka ikatokea saiprasi ya rangi ya asali. Nilifurahi bila wasiwasi wowote. Uzuri ule ulikuwamo, sisi tuliufungulia mlango tu.

Siku ya pili tukafika kwenye ubao wa mama. Fundi akauchoma kwa bisibisi, ikazama. "Umeoza, na boriti iliyo chini yake nayo imeanza." Kubadilisha vyote viwili kulihitaji fedha ambazo hatukuwa nazo. Akaniangalia. "Lakini kaka, nachanganya unga wa mbao na gundi, najaza, napiga vanishi ya giza mara mbili. Hakuna atakayejua."

Nilimpigia dada. "Mwambie ajaze," alisema. "Mnunuzi ana macho yake. Kwani yeye atatuambia ana kiasi gani mfukoni?"

Hoja ya dada ina umri wa zaidi ya miaka 2,000. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero aliandika kitabu kuhusu wajibu, na ndani yake kuna mtu mwema anayeuza nyumba yenye kasoro anazozijua peke yake, mojawapo ikiwa mbao mbovu. Diogenes wa Babeli anamtetea: hamlazimishi mtu kununua, na kutosema si kuficha. Antipater anajibu kwamba kumwacha mnunuzi aingie hasarani kwa kutojua ni vibaya kuliko kukataa kumwonyesha njia aliyepotea.

Ningeweza kumfuata Diogenes kama jambo lenyewe lingekuwa kunyamaza. Ubao uliooza ukiachwa wazi hujisemea wenyewe. Lakini ukiujaza na kuupaka vanishi, umeshasema kwa brashi kwamba ubao ni mzima. Kuna kisa wanachokijua Waislamu wengi, cha Mtume kuingiza mkono kwenye rundo la chakula sokoni na kukuta majimaji chini. Muuzaji akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini basi hakuweka kilicholowa juu, watu wakione. Mvua haikuwa kosa lake. Kosa lilikuwa mpangilio wa rundo.

Haya yote niliyajua. Hata hivyo nilimwambia fundi ajaze.

Kazi ilikuwa safi. Jioni ile nilipiga magoti na taa ya simu, nikashindwa kuuona mpaka wa ubao ule na mwenzake. Wiki iliyofuata alikuja mwalimu mstaafu na mkewe. Nilitangulia kupanda ngazi nikisifu saiprasi, na mguu wangu, bila kuniuliza, ukaruka kushoto.

Mwalimu akasimama. "Mbona umeruka?"

Ningeweza kusema ni mazoea, na isingekuwa uongo. Nikamwambia. Aliinama, akagonga kwa kifundo cha kidole mpaka akapasikia penye sauti butu, kisha tukaingia ndani kuzungumza bei. Ilipungua kwa shilingi 300,000. Dada hakunipokelea simu kwa siku tisa, na namwelewa, kwa kuwa dawa za mama ananunua yeye.

Rafiki niliyemsimulia aliniita mwaminifu. Sikulipokea neno hilo. Mwaminifu angekataa unga na gundi tangu mwanzo, au angefungua kinywa bila kuulizwa. Mimi niliumbuliwa na mguu, na mguu wenyewe ulifunzwa na mama, ambaye kwa miaka yote hakuwa na fedha za kutengeneza ubao ule lakini hakumwacha mgeni hata mmoja aukanyage.

Alipopata habari kwamba nyumba imeuzwa, hakuuliza bei. Aliuliza kama nimewaambia wapite kushoto. Nilimjibu ndiyo. Hakuuliza niliwaambia lini.