Mtumishi Si Mtumwa

Waulize wazazi wangependa watoto wao wawe nani ukubwani, nao watakutajia daktari, mwanasheria, mhandisi na rubani. Ni nadra kumsikia mzazi akisema, "Natamani mwanangu awe mhudumu wa hoteli." Kijana akishindwa kupata nafasi kwingineko, ndipo watu wa nyumbani husema kwa sauti ya chini, "Basi, na aende hotelini." Lakini wazazi haohao hujisifu kwa ukarimu wao. Mgeni akiingia, huletewa kiti kabla hajaulizwa shida yake. Maji ya kunawa humfikia mkononi, na chakula kizuri hutangulizwa kwake. Ikiwa kumhudumia mgeni ni sifa njema nyumbani, imekuwaje kazi hiyohiyo iwe aibu hotelini?

Nadhani jibu la kwanza limo katika lugha yetu wenyewe. Kutokana na kitenzi kimoja, kutuma, tumepata maneno matatu yaliyo mbalimbali kama mbingu na nchi: mtume, mtumishi na mtumwa. Wote watatu hutumwa. Wa kwanza tunamtukuza, wa pili tunamlipa, wa tatu tunamhurumia. Kwa kuwa mtumishi amesimama katikati, jicho lisilo makini humwona kama mtumwa aliyevaa sare safi.

Hofu hiyo si ya kijinga, maana ina historia. Soko la watumwa la Mkunazini, Unguja, lilifungwa mwaka 1873, lakini hali ya utumwa kisheria iliendelea Zanzibar hadi 1897, katika pwani ya Kenya hadi 1907, na Tanganyika hadi 1922. Baada ya hapo ukaja ukoloni, ambamo mtu mzima mwenye mke na wajukuu aliitwa "boi" kwa sababu tu alipika na kutandika meza ya mtu mwingine. Kwa hiyo, nchi ilipopata uhuru, wengi waliona kwamba kusimama kando ya meza ya mgeni ni kurudi nyuma. Mwaka 1970 gazeti la The Standard la Dar es Salaam lilichapisha mjadala mkali kuhusu utalii na ujamaa, ambao Issa Shivji aliukusanya katika kitabu mwaka 1973. Miongoni mwa hoja za wapinzani ilikuwa kwamba biashara hiyo huzaa moyo wa kitumwa kwa wananchi. Nchi jirani ilishika njia nyingine: mwaka 1975 Kenya ilifungua Chuo cha Utalii jijini Nairobi, kwa msaada wa serikali ya Uswisi, ili kazi hiyo iwe na ujuzi wake na cheti chake kama kazi nyinginezo.

Sasa tuwaulize wale wapinzani wa 1970, bila kuwadharau: moyo wa kitumwa hukaa wapi? Je, umo katika sinia? Muuguzi humlisha mgonjwa kwa kijiko, wala hatumwiti mtumwa. Mama huosha miguu ya mtoto. Tendo la kuhudumia, kwa hiyo, halina aibu ndani yake. Lazima tutafute penginepo.

Wengine husema aibu imo katika fedha: ukarimu ukiuzwa si ukarimu tena. Hapa wahenga wanaweza kutusaidia. Walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Maana yake ni kwamba hata katika ukarimu wa zamani mgeni hakuwa mfalme wa milele. Alipewa heshima, kisha akatakiwa naye achangie shamba la mwenyeji wake. Mtalii hakai nasi kwa jembe, wala hatungependa alime. Fedha anayolipa ndiyo jembe lake. Kwa fedha hiyo ametimiza wajibu wa siku ya tatu tangu siku ya kwanza. Tukilielewa hivyo, mhudumu na mgeni ni watu wawili waliopatana, mmoja analima huku na mwingine analima kule. Anayelipa hajamnunua mtu. Amelipia chakula, kitanda na saa kadhaa za ujuzi wa mtu.

Lakini vipi kuhusu tabasamu? Hapo ndipo jambo lilipo gumu. Mwanafalsafa Mfaransa Jean-Paul Sartre, katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1943, alimweleza mhudumu wa mkahawa ambaye mwendo wake ulikuwa mwepesi mno na unyenyekevu wake umezidi kidogo, kana kwamba anaigiza kuwa mhudumu. Sartre aliona hapo mtu anayejidanganya kwamba yeye si kitu kingine ila kazi yake. Miaka 40 baadaye, mwaka 1983, Arlie Hochschild, mwanazuoni wa Marekani, alichapisha utafiti wake juu ya wahudumu wa ndege, akaonyesha kwamba waajiri hawakununua mikono yao tu, bali walinunua pia hisia zao: walitakiwa wafurahi, au wajitie kufurahi, mpaka wengine wakawa hawajui furaha ipi ni yao na ipi ni ya kampuni.

Onyo hilo ni la haki. Hata hivyo, sisi tuna neno linalotusaidia kutenganisha mambo, nalo ni adabu. Mtoto aliyefundishwa kumwamkia mzee "Shikamoo" hasubiri mpaka moyo wake ujae mapenzi. Huamkia hata siku aliyoamka na huzuni, wala hatumwiti mnafiki. Adabu ni uso ninaompa mwenzangu kwa sababu yeye ni mtu, si kwa sababu mimi nina raha. Mhudumu mwenye adabu hasemi uongo. Uongo huanza pale anapodaiwa apende kutukanwa, acheke mzaha unaomwaibisha, na akubali mkono usio na ruhusa.

Hapo, naona, ndipo mpaka ulipo. Mtumwa ni yule asiyeweza kusema "La". Msichana anayetandika vitanda katika hoteli ya ufukweni, akiweza kumwambia mgeni, "Hapana, bwana, hilo si katika kazi yangu," kisha meneja akasimama upande wake, huyo ni mtumishi na kazi yake ni ya heshima. Lakini akijua kwamba neno hilo litamgharimu mkate wake, basi hata akivaa hariri amesogezwa karibu na Mkunazini. Msemo wa wafanyabiashara kwamba mteja ni mfalme una hatari hii: mfalme huhitaji raia wasiobishana naye. Heri kauli iliyotokana na Horst Schulze, aliyeanza kazi ya hoteli huko Ujerumani akiwa kijana mdogo, na ambayo baadaye ikawa ya hoteli za Ritz-Carlton: kwamba wanaohudumia ni mabibi na mabwana sawasawa na wanaohudumiwa. Kauli hiyo ikibaki ukutani ni pambo tu. Ikiingia katika mkataba, mshahara na saa za kupumzika, inakuwa kweli.

Wajibu hauko kwa mwajiri peke yake. Kuna kiburi kinachojiita heshima. Mhudumu anayenuna, anayekawiza chai makusudi, anayejibu kwa mabega, hujiona amelinda utu wake. Kumbe ameonyesha tu kwamba anaidharau kazi inayomlisha. Tena kuna ugonjwa mbaya zaidi, ambao wengi wetu tumeuonja: mgeni wa ng'ambo akiingia, hupokewa kwa bashasha, mwananchi akiingia nyuma yake, huangaliwa viatu. Kwangu mimi hiyo ndiyo dalili ya hakika ya moyo wa kitumwa. Anayemchekea tajiri na kumkunjia uso ndugu yake hana adabu. Ana woga na tamaa. Mtumwa huogopa mfuko, mtumishi huheshimu mtu.

Hata ubunifu tunaohimizwa kuwa nao katika kazi hii una pande mbili. Tulibuni "Jambo" ili kumrahisishia mgeni, hali sisi wenyewe twaulizana "Hujambo?" na kujibizana "Sijambo". Ni jambo dogo, halina dhambi. Lakini anayezoea kumpa mgeni kile tu anachotarajia, mwisho humuuzia nchi isiyokuwepo. Mtembeza wageni anayesimama leo Mkunazini ana uchaguzi: kutia chumvi ili machozi yalete bakshishi, au kueleza yaliyotokea. Upande wa pili wa ubunifu uko Chumbe, kisiwa kidogo karibu na Unguja, ambako matumbawe yalihifadhiwa rasmi mwaka 1994. Wavuvi wa zamani walifunzwa kuwa walinzi wa matumbawe na kuwaongoza wageni baharini. Bahari waliijua tangu utotoni. Waliongezewa elimu, na sasa mgeni ndiye anayewasikiliza. Hapo huduma imekuwa ualimu.

Mwaka 2020 maradhi ya korona yalipofunga viwanja vya ndege, hoteli nyingi zilizima taa na wafanyakazi wakarudi makwao. Ndipo mitaa mingi ya pwani ilipotambua ni nyumba ngapi zilikuwa zikila kwa jasho la watu ambao haikuwa desturi kuwasifu. Shukrani ya wakati wa njaa ni nzuri, lakini husahaulika wakati wa shibe.

Kwa hiyo mzazi ambaye mwanawe anataka kujifunza kazi ya hoteli asimuulize, "Huoni haya?" Amuulize mambo matatu: Utajua kitu cha kumfundisha mgeni? Utampokea maskini kama utakavyompokea tajiri? Na huko uendako, utaweza kusema "La"? Akijibiwa ndiyo mara tatu, ampe radhi zake, amwache aende.