Dhiki na Nafsi Inayosema: Ushuhuda wa Imani katika Mitaa ya Eastlands

Kwamba dhiki humkomaza Mkristo ni kauli inayosikika mno katika makanisa ya Eastlands, Nairobi, hata imekuwa nadra kuhojiwa. Husemwa mimbarini katika makanisa ya mawe ya Barabara ya Jogoo, husemwa chini ya mabati ya Mukuru na Korogocho, na husemwa zaidi matangani. Mjadala wa kitheolojia aghalabu huuliza iwapo kauli hiyo ni kweli. Taaluma ya fasihi ina swali la kutangulia hilo: ni nani anayesema, na anamwambia nani?

Hapana budi kuanza na neno lenyewe. Dhiki, kwa asili yake ya Kiarabu, ni ufinyu, hali ya kubanwa. Na neno la Kiyunani analolitumia Paulo katika Waraka kwa Warumi, mlango wa 5, nalo limetokana na kitenzi chenye maana ya kubana. Mkazi wa Eastlands hahitaji kamusi kulielewa hili. Nyumba za Shauri Moyo na mitaa mingine ya wakati wa ukoloni zilijengwa kwa kumchukulia mfanyakazi Mwafrika kuwa mseja wa kupita, atakayetosheka na chumba, au sehemu ya chumba, kisha arudi kwao kijijini. Familia zilizokuja kuishi humo zilirithi ufinyu uliokwisha kupangwa na mtu mwingine. Ni dhiki yenye mwandishi, ikiwa neno hilo linaruhusiwa hapa.

Waswahili husema baada ya dhiki faraja. Wahubiri wengi huichukua methali hii kana kwamba ndiyo fasiri ya Paulo, ilhali hoja hizi mbili hazifanani. Methali inahesabu wakati: dhiki itapita, faraja itafuata, na anayengoja hadaiwi lolote ila kungoja. Paulo anaweka saburi kati ya dhiki na tumaini, na baada ya saburi, moyo uliojaribiwa ukathibitika. Yaani kinachobadilika ni mtu, hata kama chumba ni kile kile. Tena anasema kwa nafsi ya kwanza wingi. Anafurahi katika dhiki iliyompata yeye na wenzake. Hamtakii mwingine dhiki kwa hoja kwamba itamfaa.

Nafsi hiyo ya kwanza ndiyo uti wa mgongo wa ushuhuda, utanzu ambao Uamsho wa Afrika Mashariki, uliotoka Rwanda na kuingia Kenya mwaka 1937, uliueneza katika makanisa ya Kiprotestanti. Ulipimwa vikali wakati wa Hali ya Hatari. Wako ndugu wa Uamsho waliokataa kiapo cha Mau Mau na papo hapo wakaikataa bunduki ya serikali. Walishukiwa na pande zote mbili, na baadhi yao waliuawa. Aprili 1954, Operesheni Anvil ilipoizingira Nairobi na kuwasomba maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru hadi makambi kama Manyani, hakuna aliyekuwa na haki ya kumwambia mke aliyeachwa Bahati kwamba mumewe amechukuliwa ili yeye akue kiroho. Mwenyewe angeweza kulisema hilo baada ya miaka kumi, na kauli yake ingestahili kuaminiwa.

Kauli ile ile ikihamishwa kutoka nafsi ya kwanza hadi ya pili hugeuka maana. Anayesema kwamba dhiki yake ilimjenga anashukuru. Anayemwambia jirani kwamba dhiki itamjenga, ilhali anao uwezo wa kuiondoa, anatoa udhuru. Rafiki zake Ayubu walipoketi naye siku saba wakiwa kimya, hawakuwa na kosa. Walikosa walipoanza kumfasiria mateso yake, na mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao, si yeye aliyelalamika.

Mtaa wa vibanda wa Muoroto ulipobomolewa Mei 1990, baadhi ya viongozi wa makanisa waliukemea ubomoaji huo. Kama dhiki yenyewe ndiyo hukomaza, basi waliwanyima wakazi malezi ya kiroho! Hakuna mwumini atakayelikubali hitimisho hilo. Sehemu ya Mukuru kwa Njenga ilipobomolewa mwaka 2021 kupisha barabara, waliolala nje hawakupungukiwa na saburi. Walipungukiwa na mabati, maji na wakili. Kinachokomaza, basi, ni jinsi watu wanavyoikabili dhiki, hasa wakiwa pamoja. Maaskofu Wakatoliki wa kanda hii waliokutana Nairobi mwaka 1976 walisisitiza Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, na katika mitaa kama Korogocho majirani husoma Injili ndani ya chumba kimoja, kisha wakaulizana nani mgonjwa na nani amefungiwa mlango kwa kodi.

Hata hivyo liko tatizo ambalo ushuhuda, kwa umbo lake, hauwezi kulitatua. Ni utanzu wa waliosalia. Kijana wa Dandora ambaye imani yake ilikufa baada ya kumzika mdogo wake hapewi kipaza sauti Jumapili. Jina lake lingali katika daftari la ubatizo, na nafasi yake kwenye benchi imekwisha kukaliwa na mtu mwingine.