Samaki wa Nani?

Ndugu msomaji, swali lenyewe ni jepesi kulitamka ila gumu kulimeza. Mtu mwenye njaa akikatazwa kuvua pahala penye samaki tele, ili samaki hao waje wawafae watu ambao hata hawajazaliwa, je, ametendewa haki? Sisi wa mjini hukimbilia kujibu ndiyo. Si ajabu, samaki tunamkuta sokoni keshapangwa mezani, macho kayatoa, wala hatuulizi katoka wapi.

Swali hili nililikuta Chumbe nikiwa kidato cha tatu, shule yetu ilipopelekwa kwa siku moja kujifunza mazingira. Chumbe ni kisiwa kidogo kusini mwa mji wa Zanzibar, urefu wake kama kilomita moja, na kina mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904. Mwamba wake wa magharibi ulifungwa kisheria mwaka 1994. Hapana mshipi, hapana dema, hapana nyavu, na hata nanga haitupwi.

Tulivishwa maboya, tukapewa vioo vya kuzamia na mirija ya kupumulia. Wengi wetu, watoto wa visiwani, hatukujua kuogelea! Wasichana waliingia majini na mitandio yao, wakishikana mikono na kupiga makelele, mpaka walipotia nyuso majini. Hapo kimya kikatawala. Kwetu tumbawe siku zote lilikuwa jiwe tu, la kujengea nyumba na kuchomea chokaa. Kumbe ni mnyama, tena maelfu kwa maelfu ya wanyama wadogo wanaojijengea makazi, na yale matumbawe ya duara huongezeka kama sentimita moja tu kwa mwaka. Nanga moja ikiangushwa vibaya huvunja umri wa babu yako.

Mchana tulionyeshwa msitu, tukaona mapaa ya nyumba yanavyokinga maji ya mvua, na vyoo visivyotumia maji (hapo vicheko havikukosekana). Kisha tukakaa kivulini na mlinzi mmoja, mtu mzima, aliyekuwa mvuvi zamani. Walinzi wa pale hawana bunduki. Kazi yao ni kumwendea mwenye ngarawa na kusema naye.

Mwenzetu mmoja, ambaye baba yake ni mvuvi, akanyoosha mkono. "Mzee, baba akirudi mikono mitupu siku tatu, na samaki anawajua wako hapa, kosa lake nini akivua wawili wa kitoweo?" Mzee akamweleza vizuri: samaki akiachwa akakua hutaga mayai mengi zaidi kuliko mdogo, na samaki hajui mpaka, atatoka nje ya mwamba na baba atamvua huko. Yule kijana akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Lini?"

Nimeliwaza sana neno hilo. Subira ni jambo jema, lakini mara nyingi anayeihimiza ameshakula. Mgeni analipa fedha ili auone mwamba, naye anaandikiwa risiti. Mvuvi naye analipa, maana kila siku anayoupita mwamba bila kutupa mshipi ametoa kitu, ila hapana daftari linaloandika malipo yake. Tena mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe yalipauka na kufa magharibi mwa Bahari ya Hindi. Joto la bahari linazidi kupanda kwa moshi wa viwanda, magari na ndege. Tanga la ngarawa limechangia nini hapo?

Lakini sitaki kumpamba mvuvi. Aliyetupa baruti katika miamba ya pwani yetu naye alikuwa na njaa, na alichowaachia wanawe ni kifusi. Njaa inaeleza kwa nini alifanya vile, lakini haimrudishi samaki. Kwa hiyo mimi nasimama upande wa kufunga mwamba, kwa sharti kwamba jirani ahesabiwe kuwa mlipaji, asichukuliwe kama mwizi mtarajiwa, na mwanawe auone mwamba huo kabla ya mgeni. Mtu haombwi kutunza kitu ambacho hajapata kukiona.

Kule Misali, Pemba, hifadhi ilipowekwa mwaka 1998, sehemu ndogo ndiyo iliyofungwa, kubwa ikaachiwa wavuvi. Baadaye wakazungumziwa kwa mafunzo ya dini yao wenyewe, kwamba mwanadamu ni khalifa, amekabidhiwa bahari wala si mali yake. Hoja hiyo naipenda, kwa kuwa inamkamata mwenye hoteli sawasawa na mwenye dema. Ila aliyekabidhiwa naye hula, na bado hatujakaa pamoja, wa ngarawa na wa ndege, tukakubaliana nani aanze kupunguza.