Barua Tuliyoiandika Mara Mbili

Kila mwaka wazee wa usharika huandika barua nyingi za utambulisho. Tunamwandikia mchumba anayekwenda kufunga ndoa usharika mwingine, kijana anayeomba chuo, mama anayehamia mjini. Maneno yake tumeyazoea: ni Mkristo mwaminifu, ana tabia njema, hushiriki ibada. Tunapiga mhuri, tunaomba, tunamkabidhi mwenyewe. Hatukuwahi kufikiri kwamba siku moja barua ingerudishwa.

Aliyeirudisha ni binti yetu, daktari. Baada ya shahada ya kwanza na utarajali alipangiwa hospitali ya wilaya, na sasa alikuwa anaomba kusomea ubingwa wa upasuaji wa jumla katika hospitali ya misheni. Alitakiwa kuambatisha barua ya kanisa lake. Kwa upendo tuliandika kwamba tangu akiwa Shule ya Jumapili tuliona Mungu amemwita awe daktari wa upasuaji.

Alikaa na barua siku mbili, kisha akatukuta ofisini kwa Mchungaji baada ya kikao.

“Shikamooni wazee wangu. Naomba sentensi hii iondolewe. Utotoni nilitaka kuwa mwalimu. Damu nilikuwa naiogopa.”

Mzee mmoja akacheka. “Mwanangu, hayo ni maneno ya barua tu. Nafasi unaitaka au huitaki?”

“Naitaka sana, baba,” akasema. Ndipo akatueleza hamu hiyo ilivyomwanza. Usiku mmoja aliletwa mwanamume ambaye utumbo wake ulikuwa umejisokota. Alihitaji kufunguliwa tumbo usiku uleule, na pale hospitalini hapakuwa na wa kumfungua. Wakampakia kwenye gari kuelekea mkoani. Binti yetu alikaa nyuma naye akiwa ameshika chupa ya maji ya mshipa, na mgonjwa akafia njiani. “Ugonjwa wake niliujua,” alisema. “Kumfungua ndiko sikukujua.” Kisha akaongeza, akiangalia chini: “Na heshima ya kazi hiyo naipenda pia. Siwezi kuwaambia siipendi.”

Alipotoka tulibaki na swali ambalo hatukuwahi kujiuliza. Kumsifu mtu kupita ukweli, kwa nia ya kumsaidia, ni dhambi?

Anachokiomba si kitu kidogo. Mwaka 2015 tume ya kimataifa iliyoandaliwa na jarida la tiba The Lancet ilisema kwamba watu bilioni 5 duniani hawapati upasuaji salama wanaoumudu gharama zake pale wanapouhitaji. Tume hiyo ilitaja huduma tatu ambazo hospitali ya ngazi ya wilaya ingepaswa kuziweza: kumtoa mtoto kwa upasuaji, kufungua tumbo, na kutibu mfupa uliovunjika na kutoboa ngozi. Ya pili ndiyo aliyoikosa yule baba wa garini.

Nazo njia za kumpata mtaalamu ni ndefu. Katika Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika, kilichoanzishwa mwaka 1999 na chenye makao yake Arusha, daktari hujifunzia hospitalini kwa miaka 2 ya misingi, kisha miaka 3 ya upasuaji wa jumla, na mitihani juu yake. Upo pia mtandao wa Kikristo, Pan-African Academy of Christian Surgeons, ulioanzishwa mwaka 1996, unaofundisha upasuaji pamoja na malezi ya kiroho katika hospitali za misheni kama Tenwek na Kijabe huko Kenya. Nafasi ni chache na waombaji ni wengi. Hapo ndipo kishawishi cha kuongeza chumvi kinapoingia.

Amri inayokataza ushuhuda wa uongo tumezoea kuielewa kama katazo la kumchafulia jirani jina. Lakini jirani katika barua hii ni nani? Yupo binti yetu, na yupo mwingine ambaye hakuwepo ofisini siku ile: mgonjwa atakayelala mezani, amechomwa dawa ya usingizi, hana uwezo wa kuuliza swali hata moja. Wanaochagua wataziona alama za mitihani wenyewe. Wasichoweza kukiona ni kama mtu huyu hukiri kosa lake, kama humsikiliza muuguzi anayemwonya, kama huitika akiamshwa usiku wa manane. Hayo huulizwa kwa watu walioishi naye. Sisi tuliandika tusiyoyajua, tukayaacha tunayoyajua.

Maana tulikuwa tunajua jambo. Alipokuwa mhazini wa vijana, fedha za safari ya kwaya zilipungua. Alikuja mwenyewe kusema kabla yeyote hajagundua, akaonyesha alipokosea hesabu, akalipa kidogo kidogo mpaka zikatimia. Hilo tuliliona dogo mno kuandikwa. Kwa mtu atakayeshika kisu, huenda hakuna kubwa kulizidi.

Na wito je? Tulidhani wito wa kweli lazima ufanane na wa Samweli, aliyeitwa kwa jina akiwa mtoto. Tulimsahau Nehemia. Yeye hakusikia sauti usiku. Alipokea habari za ukuta uliobomoka, akalia, akafunga, akaomba, kisha akamwendea mfalme kuomba ruhusa, na barua pia. Uhitaji aliousikia ulimkaa moyoni mpaka akashindwa kuuacha. Binti yetu alikutana na wa kwake nyuma ya gari. Kwamba heshima nayo anaipenda hakuufuti wito huo. Kunatukumbusha tu kwamba ataendelea kuhitaji kuombewa.

Tukaandika barua ya pili, fupi, yenye habari ya hesabu za kwaya ndani yake. Akaisoma, akashukuru, akaituma.

Mwaka ule hakupata. Wapo miongoni mwetu wanaosema ile ya kwanza ingempatia nafasi. Hatuna jibu la kuwapa. Tunachoweza kufanya ni kumsoma tena Yusufu aitwaye Barsaba, katika Matendo ya Mitume sura ya kwanza. Nafasi ilikuwa moja, wakasimamishwa wawili, kura ikamwangukia Mathiya. Barsaba alikuwa amefuatana na Bwana muda uleule, na Maandiko hayasemi kwamba alipungukiwa na lolote. Hakuchaguliwa, basi.

Binti yetu bado yuko hospitali ya wilaya, na mwaka ujao ataomba tena. Usharika umebadilisha namna ya kumwombea. Zamani tulisema, “Bwana, mpe nafasi,” bila kukumbuka kwamba palikuwa na mzazi mwingine, usharika mwingine, akiomba nafasi ileile. Sasa tunamtaja pia yule aliyechaguliwa, ambaye jina lake hatulijui, tukimwombea mikono thabiti na moyo wa kukiri kosa. Huenda siku moja mmoja wetu atalala mbele yake.