Mnunuzi na Chipu Isiyomtii

Swali la iwapo mtu anaweza kumiliki kitu ambacho amefichwa namna ya kukiamuru limekuwa swali la kila siku katika vyuo vya Mbeya na Iringa, kwa kuwa limo ndani ya kompyuta mpakato. Baadhi ya kompyuta hizo hubeba chipu mbili za picha, yaani vipande vinavyokokotoa kila kinachoonekana kwenye skrini: ndogo isiyokula umeme mwingi, na kubwa inayoamshwa kazi inapokuwa nzito, kama vile kusanifu jengo kwa vipimo vitatu. Mwaka 2010 kampuni ya Nvidia ilitangaza Optimus, mpango ambao chipu kubwa hukokotoa picha na kuipitishia chipu ndogo ndipo ifike kwenye skrini, na mwamuzi wa zamu ni kiendeshi, yaani programu inayopeleka amri za mfumo endeshi kwenye kifaa.

Kiendeshi hicho kiliandikwa kwa ajili ya Windows. Aliyeweka Linux, mfumo endeshi huria ambao msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha, alikuta chipu kubwa ama haiitiki, ama imewaka bila kazi, ikichemsha kompyuta na kumaliza betri. Na pale umeme unapokatika mara kwa mara, hasara hiyo hupimwa kwa kazi iliyoachwa njiani. Mradi wa Bumblebee wa mwaka 2011 uliziba sehemu ya pengo, ilhali wajitoleaji wa Nouveau, mradi wa kiendeshi huria cha chipu za Nvidia, walichunguza mwenendo wa chipu kutoka nje ili kuzitambua amri ambazo mtengenezaji hakuzichapisha. Hata juhudi hiyo iliwekewa ukuta, kwani chipu zilizotoka tangu mwaka 2014 zilianza kudai sahihi ya kidijitali ya mtengenezaji kabla ya kukubali programu zao za ndani.

Aristotle, katika kitabu chake cha Retorika, aliona kwamba utajiri umo zaidi katika kutumia mali kuliko katika kuwa nayo. Kwa kipimo hicho mnunuzi aliyelipia chipu mbili ni tajiri wa moja tu. Hata hivyo, Aristotle anafikisha hoja nusu ya njia, kwa sababu hapa matumizi hayakuzuiwa na uzembe wa mwenye mali, bali na muuzaji aliyekwisha kupokea bei yake.

Mtengenezaji naye ana utetezi wa kupimwa kwa haki: siri zake ni jasho la akili yake, na mshindani angeweza kuziiba. Lakini siri ya kutengeneza si siri ya kuamuru. Wafua chuma wa Kinyiha, huko Mbozi iliyokuwa sehemu ya Mkoa wa Mbeya hadi mwaka 2016, waliyeyusha chuma kwa dawa na miiko ambayo haikutolewa kwa kila mtu, na hakuna aliyedhulumiwa kwa hilo, kwa kuwa aliyepata jembe aliweza kulinoa na kulitia mpini autakao. Anachodai mtumiaji wa Linux ni mpini, si tanuru.

Mwaka 2007 chuo cha Tumaini mjini Iringa, kilicho chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri na ambacho sasa kinaitwa Chuo Kikuu cha Iringa, kilianzisha shahada ya teknolojia ya habari kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Joensuu cha Ufini, kikikusudia mafunzo yaendane na mazingira ya Tanzania. Elimu ya namna hiyo, sawa na Elimu ya Kujitegemea ya Nyerere ya mwaka 1967, inategemea kwamba kutojua huondolewa kwa kujifunza. Pale maarifa yanapofungwa kwa makusudi, bidii ya mwanafunzi haina pa kushika, na kutojua kwake hakuwezi kuhesabiwa kuwa ni upungufu wake.

Mwaka 2022 Nvidia ilifungua msimbo wa sehemu ya kiendeshi chake inayofanya kazi ndani ya kiini cha Linux, hatua inayostahili sifa, ila inahusu chipu za kizazi cha mwaka 2018 na kuendelea. Zilizotangulia, ambazo hufika Afrika Mashariki ndani ya kompyuta zilizokwisha kutumika ughaibuni, ziliachwa nje, ingawa deni la mtengenezaji kwa mnunuzi wa kwanza halifutiki kompyuta inapopita mikononi mwa wa pili au wa tatu.