Ridhaa Kabla ya Ganzi

Kiswahili chetu cha pwani huliita koo "roho". Aliyekabwa koo twasema amekabwa roho, wala hatuoni ajabu. Basi mgonjwa anapoambiwa kwamba mrija utapitishwa puani au kinywani, ushuke kooni hadi mapafuni, hakuambiwa jambo dogo. Je, apaswa kujua kiasi gani, na nani wa kujulishwa: yeye au jamaa zake?

Kipimo chenyewe, bronkoskopia, kina umri uliopita karne moja. Mwaka 1897 tabibu Mjerumani, Gustav Killian, alitumia mrija mgumu kutoa kipande cha mfupa kilichokwama katika njia ya pumzi ya mkulima mmoja. Katika miaka ya 1960 Mjapani Shigeto Ikeda akaleta mrija unaopindika, wenye nyuzi za kioo zipitishazo mwanga. Kwa chombo cha namna hii daktari hutazama njia za pumzi, hunyonya makohozi, au huchukua kijinyama cha kupimwa.

Wako wasemao: mgonjwa asielezwe sana, atatishika, wakiambiwa watu wake yatosha. Kauli hiyo yatokana na huruma, lakini haisimami.

Kwanza, mgonjwa ndiye atakayekaa na njaa, kwa kawaida saa 6 au zaidi kabla ya kipimo. Ndiye wa kutaja kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au kama kuna dawa imdhuruyo. Ndiye atakayezuiliwa kula na kunywa mpaka ganzi imtoke kooni, kwani tonge la mapema laweza kushukia mapafuni. Katazo lisilo na sababu huonekana ukali mtupu. Ampendaye akamletea kikombe cha chai kwa siri.

Pili, ukweli una faraja yake. Mrija ule ni mwembamba kuliko njia kuu ya pumzi. Pumzi hupita kandoni mwake. Koo hutiwa ganzi, na mara nyingi mgonjwa hupewa dawa ya kumtuliza. Baadaye sauti kukwaruza, au michirizi ya damu katika makohozi, si ajabu. Damu nyingi, maumivu ya kifua au kuishiwa pumzi ni ya kurudi hospitali mara moja. Lisemwe na lile zito: mara chache, hasa kijinyama kikichukuliwa, pafu huweza kutoboka, hewa ikavujia kifuani.

Tatu, na hili ndilo kubwa: mrija ukiwa kooni, mgonjwa hawezi kusema. Hubaki na ishara ya mkono, nayo yapasa iafikiwe mapema. Kukubali kwake na kukataa kwake kote ni kwa kabla. Ridhaa na radhi ni za mzizi mmoja. Mtu hawezi kuwa radhi kwa jambo asilolijua. Jamaa aweza kumsindikiza na kumngoja mlangoni, bali maadamu mgonjwa ana akili timamu, hawezi kuridhia kwa niaba yake.

Na akisema mwenyewe, "Daktari, yatosha, sitaki kusikia zaidi," hiyo nayo ni haki yake. Kuomba kimya na kunyamaziwa si kitu kimoja.